Bustani ya mboga nyuma ya nyumba, Utawala: nianzeje pamoja na mtoto wa miaka minne?

Mama Neema

Wapendwa, nawasalimu. Tumehamia nyumba ya kupanga huku Utawala, Nairobi, na nyuma ya jikoni kuna kiwanja kitupu cha takriban mita tatu kwa tano ambacho mwenye nyumba ameturuhusu tukilime, mradi tusizibe mtaro wa maji ya mvua. Binti yangu ana miaka minne na yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Kila tunapopita kwa mama mboga huniuliza maswali ambayo siwezi kuyajibu kwa maneno matupu: sukuma wiki ilikuwa wapi kabla ya kufungwa fungu, nani hupaka karoti rangi, kwa nini vitunguu vina ndevu. Nimeamua kwamba mvua fupi za mwaka huu zitukute tumelima.

Udongo wa hapa ni ule mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza kidole wakati wa kiangazi, na ndani yake yamo mabaki ya ujenzi: vipande vya mawe, saruji iliyoganda, misumari. Maji ya bomba huja siku mbili kwa juma, na siku nyingine tunategemea tangi. Jua hufika hapo kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Kuku wa jirani huingia na kutoka wapendavyo.

Swali langu kubwa, hata hivyo, ni kuhusu mtoto. Tulipootesha maharagwe katika kopo, aliyafukua kila asubuhi ili aone yamefika wapi, hadi yakafa. Sitaki bustani ya kupigia picha, ambamo mimi ndimi ninayelima naye anashika jembe kwa dakika moja. Na wakati huohuo ningependa tule kitu kutoka humo. Je, nimtengee tuta lake mwenyewe, au tulime pamoja? Ni mazao gani yatakayomvumilia, naye ayavumilie? Mume wangu anasema kwamba fungu la sukuma ni rahisi kuliko gunia la samadi, na kwa kweli sina hoja ya kumjibu.

Mkulima wa Kasarani

Mama Neema, karibu katika ukulima. Nitajibu la udongo, kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote, na la mtoto nitawaachia wenye subira kunishinda.

Udongo wenu ni udongo mweusi wa pamba, ambao umeenea upande wa mashariki na kusini mwa Nairobi, kuanzia Embakasi hadi Athi River na Kitengela, tofauti na udongo mwekundu wa Kabete, Kikuyu na Karen. Mafundi wa ujenzi huuchimba na kuuondoa kabla ya kuweka msingi, kwa kuwa huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na mwendo huo hupasua kuta. Kwa mkulima habari si mbaya kiasi hicho, kwani udongo huu una rutuba na hushika maji kwa muda mrefu. Ubaya wake huonekana mvua inaponyesha mfululizo: maji hutuama, mizizi hukosa hewa, na majani hugeuka manjano huku mwenye bustani akidhani kwamba yanadai mbolea.

Kwa hivyo msichimbe kwenda chini, bali inueni kwenda juu. Ondoeni kwanza mabaki ya ujenzi, hasa saruji, maana chokaa iliyomo huongeza ualkali wa udongo na mboga hushindwa kufyonza madini ya chuma. Kisha tengenezeni matuta mawili ya upana wa mita moja na urefu wa mita mbili, yaliyoinuka kama sentimita 30 na kuzuiwa kandokando kwa mawe au mbao. Upana wa mita moja humwezesha mtu mzima kufika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga tuta. Kama mtoto naye atalihudumia, msizidishe sentimita 60. Jazeni mchanganyiko wa udongo mwekundu na samadi iliyooza vizuri, sehemu mbili za udongo kwa moja ya samadi. Udongo mwekundu huuzwa kwa lori, na wanaouza miche na maua kando ya barabara hawakosi wa kukuuzia magunia machache. Mkitia mkono katikati ya gunia la samadi mkakuta bado kuna joto, samadi hiyo haijaiva na isiingie katika tuta.

Kama gharama hiyo ni kubwa, limeni katika magunia, jinsi wakazi wa Kibera walivyofanya kwa miaka mingi. Chukueni kopo kubwa lililokatwa vitako vyote viwili, lisimamisheni katikati ya gunia, lijazeni kokoto, zungushieni udongo hadi lifike ukingoni, kisha livuteni juu na kurudia hadi gunia lijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo itakayofikisha maji chini. Bila hiyo, miche ya juu hulowa na ya chini hukauka. Toboeni matundu ubavuni na mpandikize humo. Faida moja ambayo watu wengi hawaioni ni kwamba ubavu wa gunia uko sawasawa na kifua cha mtoto wa miaka minne, hivyo hahitaji kuinama wala kukanyaga chochote.

Kuhusu maji, mboga huhitaji kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa juma. Matuta mawili niliyoyataja ni mita nne za mraba, yaani mitungi mitano ya lita 20 kila juma mvua isiponyesha, na matandazo ya nyasi kavu hupunguza hesabu hiyo. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa kabisa. Maji ya kufulia nguo kwa sabuni ya unga msiyatumie, kwa sababu sodiamu iliyomo huuharibu zaidi udongo wa mfinyanzi kama wenu.

Mwalimu Mstaafu wa Chekechea

Mama Neema, mtoto anayefukua mbegu hafanyi utundu. Anatafuta jibu ambalo hajapewa, na njia rahisi ya kuiokoa mbegu ni kumpa jibu hilo mahali pengine.

Chukua glasi, au chupa ya plastiki angavu iliyokatwa shingo, uizungushie ndani karatasi ya shashi iliyokunjwa mara kadhaa, upenyeze maharagwe manne au matano kati ya karatasi na ukuta wa glasi, kisha utie maji kidogo chini ili karatasi ikae na unyevu bila mbegu kuzama. Katika siku chache mzizi utatokeza mbele ya macho yake. Ukiigeuza mbegu juu chini, mzizi utapinda na kuelekea chini tena, jambo ambalo nimeona likiwanyamazisha watoto ambao hakuna hadithi iliyowahi kuwanyamazisha. Siku hiyohiyo pandeni maharagwe mengine ardhini, na kila asubuhi mwambie kwamba yaliyo chini ya udongo yanafanya kama haya ya dirishani. Watoto wengi wakishapata dirisha hilo huacha kufukua.

Wengine hawaachi, na ndiyo sababu mimi ninapendekeza tuta la mtoto. Liwe dogo, sentimita 60 kwa 60, mahali penye jua kama yale mengine, wala si kona ya kivuli mliyoikosea kazi. Humo kila kitu kiruhusiwe: kufukua, kuhamisha, kumwagilia kupita kiasi, kuchanganya maharagwe na mawe. Apande anachotaka, ila umwelekeze kwenye mbegu kubwa zinazoshikika kwa vidole vyake, kama vile maharagwe, kunde, mahindi na malenge. Kimo cha kupandia maharagwe ni kidole chake chenyewe, akikitumbukiza hadi kiungo cha pili. Mbegu za mchicha na za sukuma ni ndogo mno kwa mkono wake. Zichanganye na mchanga mkavu katika kopo lililotobolewa kifuniko, naye azinyunyize kwenye mfereji uliouchora kwa kijiti.

Uchague mazao kwa kuangalia pia kalenda ya mtoto, ambayo ni fupi sana. Mchicha huota ndani ya juma moja na huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Karoti hukawia hata wiki mbili au tatu kabla ya kuota, na miezi mitatu kabla ya kuvunwa, huku juu ya udongo pakiwa hapana cha maana cha kuonyesha. Ningezipanda kwa wingi mdogo tu, kwa sababu nakiri kwamba sijaona furaha ya mtoto inayoishinda ya kung'oa karoti.

Kuhusu vifaa, kijiko kikubwa cha chuma kutoka jikoni kinamfaa kuliko jembe la plastiki la dukani litakalovunjika siku ya kwanza. Kwa kumwagilia, chupa ya lita moja yenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo inatosha. Keni kubwa ikijaa humshinda uzito, naye huimwaga yote juu ya mche mmoja. Na dakika kumi na tano zikiisha akaondoka kufuata paka, mwache aende. Atarudi kesho kwa sababu hakulazimishwa leo.

Baba Pendo, South B

Kwa heshima zote kwa Mwalimu, sikubaliani na tuta la pembeni. Binti yangu alipewa la kwake, na hakuchukua muda kutambua kwamba ni la mchezo, kwa kuwa hakuna mtu aliyekula kilichotoka humo. Watoto wa umri huo wanataka kufanya tunachofanya sisi, mahali tunapokifanyia sisi.

Kilichotufaa ni kumkabidhi kazi moja ya kweli, nayo ni kuchuma. Mkono wa kushoto hushika shina la sukuma, wa kulia huvuta jani la chini kabisa kuelekea ardhini hadi likatike, na majani matano au sita ya juu huachwa ili mmea uendelee kukua. Hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kuchuma Pendo akiwa nyumbani. Mwanzoni aling'oa mche mzima mara kadhaa, na tukaula. Sasa ananisahihisha mimi nikichuma jani la juu.

Kwa Baba Neema, hesabu yake ni sahihi na usijaribu kumshinda kwayo. Huwezi kushindana na mama mboga kwa bei ya sukuma ukiwa na mita nne za mraba. Panda mimea michache ya sukuma kwa ajili ya mtoto, kisha nafasi iliyobaki uijaze vitu ambavyo jikoni huhitajika kidogokidogo na huharibika upesi: dania, vitunguu vya majani, managu, mchicha. Fungu la dania hununuliwa kwa ajili ya vijiti vitatu, na mengine huozea kwenye friji. Ukiwa nayo nyuma ya jikoni unakata vijiti vitatu. Isitoshe, baadhi ya mboga zinazouzwa jijini hulimwa kando ya mito yetu kwa maji machafu, na huwezi kulijua hilo kwa kutazama jani. Maji ya bustani yako unayajua.

Niongeze tu kwamba kulima si dawa ya mtoto anayekataa mboga. Pendo huchuma managu kwa bidii kubwa, kisha huyatazama sahanini kwa dharau ileile ya zamani.

Muuguzi wa Kayole

Naomba kuongeza yale ambayo wakulima huyasahau kwa kuyazoea.

La kwanza ni mbegu zenyewe. Maharagwe na mahindi ya kupanda yanayouzwa kwenye agroveti mara nyingi hupakwa dawa ya kuua kuvu au wadudu, na hutiwa rangi kali, ya waridi, nyekundu au buluu, ili mtu asiyadhanie chakula. Mtoto huyaona kuwa peremende. Hayo yashikwe na mtu mzima peke yake, na yasioshwe kwa nia ya kuyapika. Kwa mikono ya Neema, chukueni maharagwe ya kula kutoka dukani, ya nyayo au rosekoko, ambayo hayajapakwa kitu na ambayo huota vizuri kama si ya zamani sana. Hata hayo yahesabiwe kabla na baada ya kazi, kwa kuwa kliniki hazikosi mtoto aliyeingiza haragwe puani, na haragwe likilowa huvimba. Maharagwe mabichi pia ni sumu kwa tumbo hadi yachemke sawasawa.

Managu yana matunda madogo ya mviringo. Yakiwa bado ya kijani yana sumu iitwayo solanini, na hayapaswi kuliwa. Majani ya nyanya vilevile si chakula. Badala ya kumfundisha mtoto orodha ndefu, wekeni kanuni moja: hakuna kinachoingia mdomoni kutoka bustanini kabla Mama hajakiona na kukiosha.

Avae viatu, gambuti zikiwezekana, kwa ajili ya misumari ya ujenzi uliyoitaja na pia kwa ajili ya funza na minyoo ya safura, ambayo hupenya kwenye ngozi ya mguu mtupu. Tazama katika kijitabu chake cha kliniki kama chanjo zake, zikiwamo za pepopunda, zimekamilika. Samadi isiyoiva isikaribie tuta la mboga zinazoliwa mbichi. Kati ya kuitia na kuvuna inafaa ipite miezi minne. Maji ya kumwagilia yafunikwe, hata yakiwa ndoo moja, hasa kama kuna mdogo wake anayeanza kutembea, kwani mtoto mchanga huzama katika maji kidogo sana.

Dawa za wadudu, kwa maoni yangu, hazina nafasi katika bustani ya ukubwa huo. Vidukari husuguliwa kwa vidole au hunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo ya maji. Mkilazimika kununua dawa, isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zitimizwe kabla ya jani la kwanza kuchumwa.

Mwalimu Mstaafu wa Chekechea

Baba Pendo, hoja yako kuhusu kula ina uzito, lakini naona kosa si la tuta bali la sufuria. Yakipatikana maharagwe mabichi matano katika tuta la mtoto, hayo matano yaingie katika mchuzi wa siku hiyo na itangazwe mezani yametoka wapi. Ila sitabishana na nyumba ambayo mtoto anamsahihisha baba yake namna ya kuchuma sukuma.

Mama Neema

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mume wangu sehemu ya dania, akacheka, kisha akauliza mbao zitatoka wapi, jambo ambalo nalichukulia kuwa ni kukubali. Tumeafikiana kuwa na tuta moja la sentimita 60 kwa mita mbili ambalo tutalihudumia pamoja, Neema akiwa ndiye mchumaji, na gunia moja ambalo litakuwa lake kabisa, afanye humo atakalo.

Yamebaki maswali matatu. Fundi ameniachia ndoo kadhaa za rangi za lita 20. Je, naweza kuzipandia dania? Kuku wa jirani niwafanyeje bila ugomvi? Na kwa kuwa Septemba ndiyo imeanza, nipande sasa au ningoje mvua?

Muuguzi wa Kayole

Ndoo za rangi zipandieni maua. Masalia ya rangi hubanduka ndani yake, na rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo humdhuru mtoto mdogo kuliko mtu mzima kwa sababu mikono yake haiachi kwenda mdomoni. Kama una chaguo, tafuteni ndoo zilizokuwa za mafuta ya kupikia. Kwa sababu hiyohiyo msichukue udongo wa kando ya barabara kuu za zamani: petroli yenye risasi ilikomeshwa Kenya mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na iliyoangukia udongoni bado imo.

Mkulima wa Kasarani

Mama Neema, Septemba ni mwezi wa kuandaa, na wiki zake za katikati ni za kusia. Mbegu za sukuma na managu zisieni kitaluni sasa, katika trei au kasha lenye kina cha kiganja, kwa kuwa miche huhitaji kama mwezi mmoja kabla ya kupandikizwa, nazo mvua fupi kwa kawaida hushika njia katikati ya Oktoba. Dania, mchicha na maharagwe hayapendi kuhamishwa. Yapandwe moja kwa moja ndani ya tuta mvua ikianza, na mchicha mpande mstari mmoja kila wiki mbili badala ya mistari yote siku moja, la sivyo mtakula mchicha mfululizo kisha mkose kabisa. Mbegu mnaweza kuzipata katika duka la mbegu la Simlaw, Mtaa wa Kijabe, au kwenye agroveti yoyote ya huko kwenu. Angalieni tu kama pakiti ina stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu.

Kuku hawazuiliki kwa maneno. Zungushieni wavu wa kimo cha mita moja na nusu katika wiki za mwanzo, wakati ambapo udongo ni laini na wanauona kuwa umechimbuliwa kwa ajili yao, na jirani mpelekeeni majani ya chini ya sukuma yaliyotobolewa na wadudu, awape kuku wake. Ni kodi ndogo.

Adui atakayewakuta siku ya kupandikiza ni sota, kiwavi anayekata mche shingoni usiku na kuuacha umelala. Dawa yake ni kazi ya mtoto: aanze leo kukusanya mirija ya karatasi ya shashi iliyokwisha, muikate vipande vya sentimita tano, na kila mche uvikwe kipande kimoja kilichozama nusu katika udongo. Kwa tuta lenu, ukiacha sentimita 40 kati ya mche na mche katika mstari mmoja, mtahitaji vipande vitano vya sukuma, na vingine vya managu kadiri mtakavyopanda.